Kompyuta ina giga 12, inatumia 8: memwari iliyopotea hutafutwa kabla ya kununua nyingine

Wilayani Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, kompyuta ya zamani haitupwi upesi. Mashine iliyonunuliwa Ulaya au Asia kwa ajili ya michezo, kabla ya kushuka bei na kuuzwa kama mtumba, ikifika huku inabadilisha kazi. Mchana inachapa barua za shule, inahariri video za harusi na kujaza nyimbo kwenye simu. Jioni vijana wanaizunguka kwa mpira wa kwenye skrini.

Kinachoirudisha haraka kwa fundi ni memwari, ile RAM ambayo wengi wanaiita barete. Mwenyewe ameweka giga 8 au 12, lakini mashine inatumia nusu tu au theluthi mbili. Mchezo unakwamakwama, video haimaliziki, na jibu la kwanza analopewa ni moja: barete imekufa, nunua nyingine.

Mara nyingi barete haijafa. Iko salama, ila kompyuta haiifikii. Sababu zinajulikana, na nyingi kati yake zinatatuliwa bila kutoa hata franka moja, mradi ukaguzi ufanywe kwa utaratibu.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa

Kununua barete nyingine si jambo jepesi kama zamani. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei ya memwari ilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vinapeleka sehemu kubwa ya bidhaa zao kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaacha kuuza memwari za Crucial kwa wateja wa kawaida, ili iwahudumie wateja wakubwa. Bei ya dukani ikipanda, ya mtumba nayo hufuata.

Hapa Kivu kuna mzigo mwingine. Kundi la M23 liliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025. Uwanja wa ndege ulifungwa, na benki zikafunga milango. Mfanyabiashara anayeagiza vifaa vidogo vidogo alilazimika kutafuta njia nyingine za kulipa na kusafirisha, na gharama hiyo inaishia kwa mteja wa Masisi-centre au wa Walikale-centre.

Tena, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi za kabla ya 2018. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya 2010 au 2012 hana njia rahisi ya kusonga mbele. Kinachobaki ni kuitumia vizuri ile aliyo nayo, na memwari ndiyo sehemu ya kwanza ya kuangalia. Kwa mfano, mchezo wa GTA V, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, unadai angalau giga 4, na unapendekezewa giga 8. Mashine yenye giga 8 zilizowekwa lakini 3 tu zinazotumika hata kiwango hicho cha chini haifikii.

Namba mbili zinazosema ukweli

Kabla ya kushika bisibisi, somwa kwanza skrini. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kitufe cha Pause. Ukurasa wa mfumo utafunguka na kuonyesha kiasi cha RAM kilichowekwa. Kando yake, kama kuna upungufu, kuna namba ya pili yenye neno la Kifaransa « utilisable », yaani kinachotumika. Tofauti ya namba hizi mbili ndiyo inayomwongoza fundi.

Upungufu mdogo wa megabaiti mia moja au mia mbili ni wa kawaida. Mfumo unajitengea kidogo kwa ajili ya vifaa vyake.

Kama giga 4, 8 au 12 zimewekwa na zinazotumika ni kati ya 3 na 3.5, tatizo karibu kila mara liko kwenye mfumo wa Windows wenyewe au kwenye mipangilio ya mashine. Barete haina kosa.

Kama upungufu ni kati ya nusu giga na giga 2, huenda picha za skrini ndizo zilizokopa memwari hiyo.

Lakini kama kilichopotea ni nusu kamili, theluthi kamili au robo kamili ya memwari yote, tafuta kitu cha kushikwa kwa mkono: barete moja, sloti moja, au njia nzima kati ya memwari na prosesa.

Windows ya biti 32

Sababu iliyo rahisi kuliko zote ndiyo inayosahauliwa. Kompyuta nyingi za zamani ziliwekewa Windows ya biti 32, labda kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi ya fundi siku ile. Mfumo huo unahesabu anwani 4,294,967,296 tu, ambazo ni giga 4. Hata ukiweka giga 16, hautaona zaidi ya hapo.

Giga 4 hizo zenyewe haziendi zote kwa memwari. Kadi ya picha, sauti, mtandao na vifaa vingine vinahitaji anwani ndani ya hesabu hiyohiyo. Ni kama kijiji chenye daftari la viwanja mia nne tu: shule, kituo cha afya na soko vikishachukua vyao, wakaaji wanagawana vilivyobaki. Ndiyo maana mwenye mashine anaona 3.2 au 3.5.

Ukurasa uleule wa mfumo unasema kama Windows ni ya biti 32 au 64. Unasema pia kama prosesa ni x64, yaani kama inakubali biti 64. Prosesa karibu zote za michezo za tangu 2007 zinakubali. Dawa ni kuweka mfumo wa biti 64 upya. Kazi hiyo inafuta diski ya mfumo, kwa hiyo picha, hati na video zihamishwe kwanza. Asiyetaka kubaki kwenye Windows isiyohudumiwa tena anaweza kuchukua Linux ya biti 64, kama Linux Mint, ambayo ni ya bure. Faili lake ni zito kwa anayelipia bando, lakini mtu mmoja akilipakua, flashi inaweza kuzunguka kwa wengi.

Toleo nalo lina mpaka wake. Windows 7 Starter inaishia giga 2. Hata kwenye biti 64, Windows 7 Home Basic inaishia giga 8 na Home Premium giga 16.

Tiki moja iliyowekwa vibaya

Kuna ushauri wa zamani unaozunguka kati ya vijana: fungua programu ya msconfig, ingia « Démarrer », kisha « Options avancées », na uweke tiki kwenye « Mémoire maximale » ili mashine iongeze kasi. Ushauri huo ni wa uongo. Tiki hiyo haiongezi kitu. Inaiamuru Windows isivuke namba iliyoandikwa hapo. Barete ikiongezwa baadaye, namba ya zamani inabaki na memwari mpya haionekani. Ondoa tiki, kubali, kisha washa mashine upya.

Jambo la pili liko kwenye BIOS, ule ukurasa unaofunguka kwa kitufe cha Delete au F2 wakati mashine inawaka. Baadhi ya bodi za miaka ya 2006 hadi 2010 zina mpangilio unaoitwa Memory Remap. Ukizimwa, sehemu ya memwari iliyofunikwa na anwani za vifaa inapotea hata kwenye mfumo wa biti 64. Uwashe.

Humohumo kwenye BIOS, angalia memwari ya picha. Kompyuta isiyo na kadi ya picha ya pekee inakopa RAM, na bodi nyingine zinakubali kutenga hadi giga 2. Kama mashine ina kadi yake ya picha, mkopo huo hauna faida. Upunguze hadi kiwango cha chini kabisa.

Kuna pia mpaka wa bodi yenyewe, ambao hakuna mpangilio unaouvusha. Bodi za Intel 945, zilizouzwa kwa wingi baada ya 2005, zinasimamia giga 4 na kuonyesha 3 na kidogo. Za G41 zinaishia giga 8. Hapo fundi mwaminifu anamwambia mteja asiongeze kitu.

Vumbi la Goma, unyevu wa Walikale

Kama upungufu ni wa barete nzima, sasa fungua sanduku. Mashine ya huku inapitia hali ambazo waliyoitengeneza hawakuzifikiria. Anayeitoa Goma anaitoa kwenye mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, ambako vumbi jeusi na laini linaingia kila mahali. Ikipanda milima ya Masisi inakutana na baridi na ukungu. Ikishuka Walikale inaingia kwenye msitu wa ikweta, joto na unyevu mwaka mzima.

Meno ya barete yamepakwa dhahabu, na dhahabu haishiki kutu. Lakini utando wa vumbi, mafuta ya vidole na unyevu unatosha kuzuia umeme mdogo unaopita hapo. Barete ya DDR3 ina meno 240. Moja tu likikosa mgusano, mashine inaweza kukataa barete nzima.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha sanduku. Toa barete kwa kufungua vishikizo vyake. Sugua meno polepole kwa kifutio cheupe cha wanafunzi, kile laini cha penseli, si kile kigumu cha kalamu ya wino. Futa mabaki kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi kidogo. Alkoholi ya famasi mara nyingi ina maji ndani, kwa hiyo subiri ikauke kabisa. Sloti isafishwe kwa brashi laini na kavu. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate yanaingia. Petroli isikaribishwe hata kidogo.

Ukirudisha barete, isukume kwa usawa pande zote mbili mpaka vishikizo vilie. Nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa zilikuwa hazijaingia mpaka mwisho upande mmoja.

Mashine iliyotoka safari isiwashwe papo hapo. Ikitoka kwenye baridi na kuingia chumba chenye joto, matone madogo ya maji yanajitengeneza ndani. Iache saa kadhaa.

Barete moja, sloti moja

Kama kusafisha hakukutosha, acha barete moja tu kwenye sloti moja. Washa, soma namba, zima. Weka barete ya pili peke yake kwenye sloti ileile. Ukimaliza barete zote, chukua ile iliyosoma vizuri na uipitishe kwenye kila sloti. Andika kila jibu kwenye karatasi.

Barete inayokataa kwenye sloti zote ndiyo mbovu. Barete zote zikikataa kwenye sloti moja, sloti hiyo ndiyo mbovu. Lakini kila barete ikifanya kazi peke yake, na upungufu ukarudi zinapokaa pamoja, angalia mchanganyiko. Kuna DDR3 ya volti 1.5 na nyingine ya volti 1.35, na kuna kasi tofauti. Bodi ya zamani haielewani na kila mchanganyiko. Anza na barete mbili zinazofanana, kwenye sloti zinazoelekezwa na kitabu cha bodi, mara nyingi zile za rangi moja.

Kosa lililofichwa chini ya prosesa

Hapa ndipo kompyuta za michezo zinatofautiana na zile za ofisi. Mwaka 2008 Intel ilitoa Core i7-920 na bodi za X58, ambazo wapenda michezo walizigombania. Memwari yake inapita njia tatu badala ya mbili, na bodi nyingi zina sloti sita. Msimamizi wa memwari aliingizwa ndani ya prosesa yenyewe. AMD ilikuwa imeshafanya hivyo tangu Athlon 64 mwaka 2003.

Maana yake ni kwamba tatizo la memwari linaweza kuwa mahali ambapo hakuna memwari. Prosesa hiyo inakaa juu ya visindano 1,366 vidogo sana. Kimoja kikipinda, kikishika uchafu, au feni ya kupooza ikikazwa upande mmoja kuliko mwingine, njia moja kati ya tatu inakatika. Mwenye barete sita za giga 2 anaona 12 zimewekwa na 8 zinatumika. Ni theluthi kamili iliyopotea.

Inashangaza kwamba Windows inaziona zote 12 na bado haizitumii. Kila barete ina kijichipu kinachobeba jina na ukubwa wake, na kijichipu hicho kinasomwa kwa waya zake za pembeni. Kompyuta inasoma kitambulisho, lakini barabara ya kumfikia mwenye kitambulisho imefungwa.

Barabara za kwetu zinachangia. Kompyuta ya michezo mara nyingi ina feni ndefu na nzito ya kupooza prosesa. Ikitoka Goma kupitia Sake kwenda Masisi juu ya lori au pikipiki, kila shimo linaivuta feni na kupinda bodi kidogo. Ni afadhali sanduku lisafiri likiwa limelazwa, bodi ikiwa chini na feni ikiwa imesimama wima. Au feni itolewe na kusafiri peke yake.

Dawa ni kutoa feni, kuinua prosesa taratibu, na kuangalia visindano kwa taa na kioo cha kukuza. Visiguswe kwa kidole. Kilichopinda kinarudishwa kwa sindano nyembamba na mkono usiotetemeka. Asiye na uzoefu ampe fundi aliyekwisha kuifanya kazi hiyo. Prosesa ikirudi, paka mafuta mapya ya kupooza na kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo, mpaka zote zilingane.

Kasi iliyolazimishwa na betri iliyokufa

Wenye kompyuta hizo za mwanzo walipenda kulazimisha kasi. Core i7-920 iliandikiwa memwari ya DDR3-1066, lakini wengi waliweka 1600 na kupandisha volti. Miaka kumi na tano baadaye, mashine imechoka na mpangilio ule bado upo. Ingia BIOS na urudishe mipangilio ya kiwandani. Memwari iliyokuwa inapotea inaweza kurudi kwa kupunguziwa mbio tu.

Kama saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kila ikichomolewa, betri ndogo ya CR2032 imekwisha, na mipangilio ya BIOS inapotea nayo. Ibadilishe. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa.

Kuna jambo la kuogopa: kubadilisha programu ya BIOS yenyewe. Wakati mwingine inasaidia, lakini umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiwake tena. Mahali ambapo watu wanategemea jenereta au paneli za jua, kazi hiyo isifanywe bila betri ya akiba inayoaminika.

Kupima kwa jua la mchana

Barete inayosomwa yote lakini mashine inazimika au kuonyesha skrini ya bluu inahitaji kipimo. Memtest86+ ni programu ya bure na ndogo, ya megabaiti chache, inayowashwa kutoka kwenye flashi. Inaandika na kusoma kila chumba cha memwari, na kosa linaonekana kwa rangi nyekundu.

Ushauri wa kawaida ni kuiacha usiku kucha. Huku hauwezekani kwa kila mtu. Kompyuta ya michezo ya zamani yenye kadi kubwa ya picha inaweza kula wati mia moja na zaidi hata bila mchezo, na itamaliza betri za jua kabla ya alfajiri. Pima mchana jua likiwa kali, barete moja moja, mzunguko mmoja kamili kwa kila moja. Toa kadi kubwa ya picha kama bodi inaweza kuonyesha picha bila hiyo. Kosa likitokea, acha: jibu limeshapatikana. Memwari nzima haitakiwi kutoa hata kosa moja.

Hata barete yenye kosa dogo haijafika mwisho. Linux inaweza kuamriwa iruke anwani mbovu na kutumia zilizobaki. Haifai kwa hesabu za ofisi au kazi ya mteja, lakini kwa mwanafunzi anayejifunza kuchapa inatosha.

Bati ya Bisie ndani ya barete

Kwa wakaaji wa Masisi na Walikale, kijibao hiki si kitu cha ugenini kabisa. Chipu zake zimeshikwa kwa risasi ya kuchomelea ambayo, tangu Ulaya ilipokataza madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme Julai 2006, ni bati karibu tupu: katika mchanganyiko unaotumiwa sana, asilimia 96.5 ni bati, 3 ni fedha na 0.5 ni shaba. Karibu nusu ya bati yote inayotumiwa duniani inakwenda kwenye kazi hiyo ya kuchomelea.

Bati hiyo inatoka kwenye jiwe la kasiteriti, na Bisie, wilayani Walikale, ni kati ya machimbo yenye bati nyingi zaidi ndani ya jiwe duniani. Miaka ya 2000 wachimbaji waliibeba mgongoni kupitia msituni. Leo kampuni ya Alphamin inachimba hapo kwa mitambo, na mwaka 2024 ilitoa tani 17,324 za bati. Tarehe 13 Machi 2025 ilisimamisha kazi kwa sababu ya vita. Siku chache baadaye M23 waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili, na kampuni ikaanza kurudi kazini hatua kwa hatua.

Masisi nayo ina Rubaya. Koltani ya milima yake inatoa tantali, madini ya kutengenezea vihifadhi vidogo vya umeme kwenye bodi, kadi za picha na simu. Inakadiriwa kuwa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia inatoka hapo. Tangu mwisho wa Aprili 2024 machimbo hayo yako mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo lilikuwa linatoza huko kodi ya takriban dola 800,000 kwa mwezi.

Mchimbaji anauza jiwe kwa kilo. Linayeyushwa mbali, linaingia kiwandani, linauzwa Ulaya, linachoka, kisha linarudi Goma kama mtumba na kupanda tena mlima wa Masisi kwa bei ambayo huyo mchimbaji anahangaika kuilipa. Barete nzima ikitupwa kwa sababu ya vumbi kwenye meno, mzunguko huo wote unalipwa mara ya pili.

Kama lazima kununua

Ukaguzi ukithibitisha kwamba barete imekufa, soma lebo kabla ya kutoa pesa. PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Haziingiliani, kwa sababu pengo la meno liko mahali tofauti. PC3L ni ile ya volti 1.35. Namba yenye herufi R mwishoni, kama PC3-12800R, ni ya seva. Inauzwa rahisi, lakini bodi za kawaida za michezo zinaikataa. Barete fupi ni ya kompyuta ya kubeba. Lipa baada ya kuiona ikisomwa ndani ya mashine yako.

Mteja anayeambiwa « memwari imekufa » ana haki ya kuuliza maswali matatu: imejaribiwa kwenye sloti zote? Imejaribiwa kwenye mashine ya pili? Windows ni ya biti ngapi? Fundi aliyefanya kazi yake atajibu yote bila kukasirika. Na hata hapo, barete ya zamani ni mali ya mwenye kompyuta. Airudishe nyumbani kwenye karatasi kavu. Huenda mashine nyingine ikaihitaji.